Mkanda wa Kisigino cha Kushoto

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya baraza ya fundi cherehani na sanduku la fundi viatu. Asiyelijua hukaa upande wa kulia, akainuka na rangi ya viatu kwenye makalio. Wanaolijua hubanana upande wa kushoto, na hakuna anayelalamika, maana huko ndiko birika la kahawa linakoanzia. Katikati hapakaliwi ovyo. Hapo hukalishwa mwenye jambo, wenzake wakamzunguka, na haruhusiwi kuinuka mpaka jambo lake likatwe shauri. Asubuhi ile katikati alikaa Pindo, fundi cherehani mwenyewe, juu ya mto alioushona kwa vipande vya vitambaa vya kila rangi. Mguu wake wa kushoto alikuwa ameunyoosha mbele kama mtu aliyeazimwa mguu na anaogopa kuuharibu.

Gundi, fundi viatu, alikuwa kwenye kigoda chake mbele ya sanduku, anashona soli. Walimwita Gundi kwa sababu ukimpa mkono wa salamu ilibidi uuvute ndipo uupate tena. Masikio yake yalikuwa kwenye benchi, lakini macho yake yalikuwa chini, kwenye kiatu cha kushoto cha Pindo.

Kiatu kile kilikuwa na mkanda wa nyuma, unaozunguka kisigino na kufungwa kwa kishikizo. Cha kulia hakikuwa nao. Mkanda ule aliushona Gundi, na tangu aushone hakuwa na raha nao.

Mambo yalianza hivi. Mama Pacha, muuza kahawa, ndiye aliyeona wa kwanza. Siku hiyo alikuwa anamimina, Pindo anacheka jambo fulani, na kiatu cha kushoto kikamtoka, kikabaki peke yake mbele ya benchi. Pindo hakugutuka. Aliendelea kucheka, unyayo mtupu juu ya mchanga. Mama Pacha, bila kuacha kumimina, alikisogeza kile kiatu kwa mguu wake, akainama kama anaokota kijiko, akamvisha, kisha akamwuliza kama anaongeza sukari. Kesho yake aliyemvisha alikuwa Waya, fundi umeme. Keshokutwa ilikuwa zamu ya Bomba. Hakikukaliwa kikao wala hakuna aliyesema jamani tufanye hivi. Ila kila mmoja alijifunza kuinama, na kila aliyeinama alikuwa na sababu yake: huyu kaangusha kijiko, huyu msumari, huyu anajikuna.

Gundi alipoona wenzake wanainama kila mara, aliwaonea huruma, akamwonea huruma na Pindo. Akavichukua vile viatu, akidai soli imeanza kuachia. Katika mabaki yake alipata ngozi laini iliyotokana na mkoba wa mwanamke mmoja ambaye hakurudi kuuchukua, akakata mkanda, akaushona kwenye kiatu cha kushoto.

— Mbona umenipamba upande mmoja? — Pindo alimwuliza siku hiyo.

— Ngozi iliishia hapo.

— Si kitu. Mguu huu ndio mgonjwa, acha upate zawadi.

Akafurahi kweli. Kesho yake Gundi alikuta aproni yake imeshonwa mfuko mpya, na hakuwa ameomba.

Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu wa kuinama tena kijiweni.

Sasa Bomba alikohoa kuonyesha kwamba kikao kimeanza. Bomba alikuwa fundi wa mabomba ya maji, mnene, mume wa dada yake Pindo.

— Haya, shemeji. Eleza jambo lako.

— Nimeeleza jana.

— Jana Waya hakuwepo.

— Nilikuwepo, — akasema Waya.

— Ulikuwepo, lakini ulikuwa unabisha. Mtu akibisha hasikii.

— Nani alibisha?

— Si unaona?

Pindo alishusha pumzi. Akakisogeza kikombe chake pembeni.

— Daktari kanionyesha picha ya mgongo wangu. Mifupa imepangana kama vifungo vya kanzu. Anasema kati ya mfupa na mfupa kuna kitu laini, kama mto huu niliokalia. Sasa mto mmoja huku chini umetokeza nje, umeukalia mshipa wa fahamu, na mshipa huo ndio unaoshuka mpaka mguuni. Ndiyo maana maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita tako, yanateremka nyuma ya paja, yanaishia kwenye vidole. Mwenye kosa ni mgongo, anayechapwa ni mguu.

— Kama mimi na kaka yangu tulipokuwa wadogo, — akasema Bomba.

— Sasa wanataka wakufanye nini? — Waya akauliza.

— Wananilaza kifudifudi, wananipiga nusu kaputi, wanachana hapa nyuma mchano mdogo tu, kama tundu la kifungo cha koti. Wanatoa kile kipande kinachobana. Wanashona. Basi.

— Basi, — Waya akarudia, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

— Nesi kanipa namba yake. Kuna kitanda kesho. Nimpigie kabla ya saa sita, nikubali au nikatae. Nikikataa anakipata mwingine.

Wote wakatazama juu, jua lilikofikia. Saa sita haikuwa mbali.

— Na wewe mwenyewe unaonaje? — akauliza Mama Pacha. Alikuwa amesimama na birika, mtoto mmoja mgongoni. Pacha wake alikuwa nyumbani kwa bibi yake, kwa kuwa walikuwa wakipokezana.

— Mimi naogopa, — akasema Pindo. Alisema hivyohivyo, kama anayetaja kipimo cha kiuno. — Naogopa kulala nisiamke. Na naogopa kuamka mguu ukiwa umekwenda. Mimi nakula kwa mguu huu. Cherehani haikanyagwi kwa mdomo.

Gundi alichoma sindano kwenye soli, ikakataa kupita, akaichomoa.

Bomba akasogea mbele mpaka ubao ukalia.

— Shemeji, hilo jambo lako mimi nalijua siku nyingi. Mshipa ni bomba. Kilichobanwa ni mwendo wa maji. Sasa bomba likiziba, fundi mjinga anavunja sakafu. Fundi mwenye akili anaangalia mteremko. Wewe unalala kitanda kimenyooka, sawa?

— Sawa.

— Ndiyo kosa. Inua kitanda upande wa miguuni. Matofali matatu. Maji yarudi yalikotoka.

— Umewahi kumfanyia mtu?

— Nimemfanyia mama mkwe.

Pindo akageuka taratibu, maana kugeuka haraka kulimwuma.

— Mama mkwe wako ni mama yangu.

— Huyohuyo.

— Alipona?

— Alihamia kwa mdogo wake.

— Kumbe ndiyo sababu, — akasema Pindo. — Sisi tulidhani mmegombana.

Waya alikuwa anatikisa kichwa muda wote huo. Alikuwa mwembamba, na bisibisi ya kupimia umeme haikumtoka mfukoni hata siku ya harusi yake.

— Bomba, kila kitu kwako ni maji. Mshipa ni waya, bwana! Daktari mwenyewe akikugonga goti na kinyundo, mguu haurushi teke? Ule ni umeme. Sasa waya ukibanwa ndani ya ukuta, hatubomoi ukuta. Tunaacha wa zamani hukohuko, tunapitisha mpya kwa nje.

— Kwa nje wapi?

— Kutoka shingoni, unashuka nao ubavuni, unaubana na vibanio, mpaka kwenye kifundo cha mguu.

— Nikioga?

— Unazima kwanza.

Mama Pacha alikohoa, akageuza uso wake upande wa barabara.

— Na hilo la kuzima ndilo linanitisha, — Waya akaendelea, amepandwa na mori. — Nusu kaputi ni nini? Ni kuzima swichi kubwa. Nyumba nzima giza. Haya, daktari amemaliza, anawasha. Nani kasema taa zote zitawaka? Utakuta ya jikoni imewaka, ya ukumbini hapana. Mtu anaamka anakumbuka jina la mke, hakumbuki nyumba.

— Bora iwe hivyo kuliko kinyume chake, — akasema Bomba.

— Mimi nilipasuliwa, — akasema Mama Pacha.

Wakamtazama.

— Wakati wa hawa pacha. Nilizimwa na kuwashwa. Taa zote zinawaka.

— Wewe ulipasuliwa mbele, — Bomba akamwambia kwa upole. — Sisi hapa tunazungumzia nyuma.

— Kisu kinajua mbele na nyuma?

— Mbele kuna nafasi, Mama Pacha. Nyuma ni mifupa mitupu.

Mama Pacha akamwongezea Pindo kahawa, ingawa kikombe kilikuwa nusu, na hakumwongezea Bomba, ambaye chake kilikuwa kitupu. Gundi aliliona hilo.

— Na kuna jambo wasilolisema, — akasema Bomba, akijitia kutoona kikombe chake. — Ukitolewa kipande mgongoni, unapungua urefu. Hesabu ni hesabu.

— Kwa kiasi gani? — Pindo akauliza.

— Si sana. Suruali zako zote zitaburuta.

— Nitazipinda.

— Na mwaka ujao je? Mto mwingine ukitokeza? Wanatoa tena. Unapinda tena. Mwisho mtu anakutana na wewe sokoni anauliza, huyu mtoto ni wa nani.

— Mimi nilisikia, — Waya akadakia, — kuna bwana mmoja walimfungua mshipa uliokuwa umebanwa miaka. Ulipoachiwa, ukafyatuka kama springi. Mguu ukawa unapiga mateke wenyewe. Kazi yake ilikuwa kinyozi.

— Halafu?

— Wateja wakapungua.

Pindo alikunywa kahawa. Gundi alimjua vya kutosha. Walikuwa wamekaa jirani tangu wote wawili wana nywele. Mtu mwingine angedhani Pindo anapuuza, lakini kila upuuzi uliosemwa ulikuwa unamwingia. Kidole chake gumba kilikuwa kinasugua pindo la shati lake, huku na huku, kama anavyosugua kitambaa anachoogopa kukikata.

— Tuseme shemeji amekataa, — akasema Bomba. — Daktari atanuna?

— Hatanuna. Alisema wengi hupona bila kisu. Vidonge, mazoezi, kutonyanyua vizito, mto unajirudi wenyewe polepole. Alisema kama ni maumivu tu, uamuzi ni wangu, hata nikitaka kusubiri nisubiri.

— Si umeona! — Waya akapiga paja lake.

— Ila alinipa sharti moja.

— Sharti gani?

— Aliniambia hivi: baba, maumivu yanaweza kusubiri, mguu hausubiri. Siku ukiona unyayo umeanza kulegea, ukatembea vidole vinaanguka mbele, kiatu kinakutoka na wewe huna habari, siku hiyo usikae kuhesabu. Maana yake mshipa unakufa, na ukishakufa hata tukiutoa ule mto mguu hauwezi kurudi. Siku hiyo njoo mbio, kitanda kiwepo kisiwepo.

Sindano ya Gundi ilisimama hewani.

— Siku ile alinipima, — Pindo aliendelea. — Sukuma, vuta, simama kwa visigino. Nilisimama vizuri. Na tangu siku hiyo nauangalia mguu huu kama mwizi. Ganzi ipo kidogo. Kuburuta naburuta kidogo, kwa sababu nauonea huruma. Lakini kiatu, — akaunyanyua mguu kwa mikono miwili, akiushika gotini, akawaonyesha, — kiatu hakijanitoka hata siku moja.

Mtoto mgongoni kwa Mama Pacha alipiga chafya, na hakuna aliyemwombea afya.

Gundi aliinua macho. Alimwona Waya ameitoa bisibisi yake mfukoni na anaichunguza ncha yake. Alimwona Bomba ametazama ndani ya kikombe kitupu kama kuna kitu amekidondosha. Alimwona Mama Pacha. Mama Pacha alikuwa anamtazama yeye.

"Sema," Gundi alijiambia moyoni. Lakini mtu anaanzia wapi? Atasema, rafiki yangu, kiatu kilikuwa kinakutoka kila siku, sisi tukakuficha? Atasema, nilikushonea upendo, kumbe nimekuziba jicho? Ulimi ulikuwa kama umepakwa ile gundi yake.

Waya ndiye aliyesema wa kwanza, na alisema kwa kasi sana.

— Hilo la kiatu mimi nalitilia shaka. Madaktari hawajui viatu. Kiatu kikitoka, kosa ni la kiatu.

— Hata mimi! — akasema Bomba. — Kiatu kinaweza kutoka kwa jasho. Kwa mteremko. Kuna viatu vina tabia hiyo tangu kiwandani.

— Kuna udongo unavuta viatu.

— Upo. Nimewahi kuchimba sehemu, viatu vilikuwa vinanitoka vyote viwili, na mgongo wangu ni mzima.

— Na mwezi ukiwa mpevu, ngozi inalegea.

— Ngozi ya nini?

— Ya kiatu. Ya mtu pia.

Gundi alikuwa amewasikia wakisema mengi kwenye benchi lile, lakini hakuwahi kuwasikia wakikubaliana. Walikuwa wanatupa maneno juu ya lile jambo kama watu wanaofukia shimo kabla mwenye nyumba hajarudi.

— Tumwulize mwenye fani, — akasema Pindo. — Gundi, wewe ni mtu wa viatu. Kiatu kinaweza kumtoka mtu, na mguu ukawa mzima?

Gundi alivuta uzi.

— Inategemea kiatu, — akasema.

Akainama kwenye soli, na uso ukamwaka moto mpaka masikioni. Mama Pacha aliweka birika chini, kwa kishindo kidogo.

— Basi, — akasema Pindo. Uso wake ulifunguka, na hilo ndilo lililomwuma Gundi kuliko yote, jinsi ulivyofunguka. — Nimekata kauli. Mguu wangu ni mzima, ni maumivu tu. Maumivu nimeshayazoea, ni kama mpangaji asiyelipa. Nitampigia nesi nimwambie ampe mwingine kitanda. Asanteni, ndugu zangu. Mmenitua mzigo.

Akatoa simu kwenye mfuko wa shati. Akaiweka mbali na macho, kama watu wasiovaa miwani yao, akaanza kuitafuta namba.

Wakati huohuo alifika mwanamke mmoja, mgeni wa mtaa ule, amebeba kapu mkono mmoja na kiatu kilichokatika mkono mwingine. Akasalimia, akaitikiwa kwa sauti za chini. Gundi akamkinga asikae upande wenye rangi, akampisha kigoda chake.

— Kaa hapa, dada. Hapo utaharibu gauni.

— Asante, kaka. Kimenikatikia njiani. Nina mwendo mrefu.

Gundi alikipokea. Alishukuru kupata kitu cha kushika. Akapiga magoti, akapaka gundi, akabana. Yule mwanamke alipepesa macho kwenye viatu vilivyoning'inia, kisha kwenye benchi, kisha chini, na macho yake yakatua kwenye miguu ya Pindo.

— Ule mkanda wa nyuma ni kazi yako, kaka?

— Ndiyo.

— Mzuri. Nishonee na mimi, maana hiki kinanipwaya. — Akainamisha kichwa, anatazama vizuri. — Lakini mbona mzee ana mmoja? Mguu mwingine hauhitaji?

Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza bei.

Waya alitaka kuirudisha bisibisi mfukoni, akaukosa mfuko, ikaanguka, na hakuinama kuiokota. Bomba alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kile kijulikane, aliufunga bila kusema kitu.

— Ngozi iliishia hapo, — akasema Pindo, akiwa bado anatafuta namba. Kidole chake kilisimama juu ya simu. Akatazama sanduku la Gundi, ambako vipande vya ngozi vilikuwa vimening'inia kama nguo zilizoanikwa. Akamtazama Waya. Akamtazama shemeji yake. Hakuna aliyempa macho.

— Gundi.

— Naam.

— Mbona ni mmoja?

— Pindo...

— Lile la ngozi uliniambia wakati ule. Leo nakuuliza.

Gundi alikuwa bado amepiga magoti. Hakuinuka. Alijisogeza kwa magoti yake mpaka mbele ya benchi, akaushika mguu wa kushoto wa rafiki yake, akafungua kishikizo, akauvuta mkanda nyuma ya kisigino na kuulaza pembeni. Mguu ulikuwa baridi kidogo.

— Nenda mpaka kwenye mashine yako, — akasema. — Tembea kama siku zote. Usitazame chini.

— Kwa nini?

— Nenda tu, ndugu yangu.

Pindo alishika bega la Bomba, akainuka. Maumivu yalimpiga, akasimama kidogo mpaka yapite, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. Kisha akaanza kwenda. Hatua moja, hatua mbili. Unyayo wa kushoto ulipiga chini kwa ubapa, pa. Akavuka mfereji mdogo wa maji machafu. Akaenda.

Kiatu kilibaki. Kilikuwa upande huu wa mfereji, mdomo wazi, kimetazama alikokwenda mwenyewe.

Yule mwanamke mgeni aliinuka haraka kutoka kwenye kigoda, akanyoosha mkono akiokote ampelekee, kama mtu yeyote mwenye moyo angefanya. Mama Pacha akamshika kiwiko.

— Kiache, dada, — akamwambia taratibu. — Sisi tumekiokota vya kutosha.

Pindo alifika kwenye cherehani. Akaweka mkono juu ya gurudumu lake, akageuka.

— Haya, nimefika. Sasa?

Akafuata macho yao. Akakiona kiatu kule. Akautazama mguu wake, mtupu, umejaa tope la mfereji alioukanyaga bila kujua kama ni baridi au moto. Alijaribu kuvinyanyua vidole. Vya kulia vilinyanyuka. Vya kushoto vilikaa kama vya mtu mwingine.

Alikaa kwenye kiti chake cha kushonea. Hakupiga kelele wala hakulaumu mtu. Aliinama tu, akaufuta mguu kwa kipande cha kitambaa, polepole, kila kidole, akawa kama mama anayemwosha mtoto aliyelala. Bomba alikuwa analia, kwa siri yake, na siri yake ilikuwa kubwa kama mwili wake, kila mtu aliiona.

— Kitanda, shemeji, — akasema Bomba. — Jua linakwenda. Piga simu.

Pindo akapiga.

— Haloo. Nesi, shikamoo... Aa, samahani, mwanangu, habari za kazi. Ni mimi yule wa mgongo. Nakitaka kitanda. — Akasikiliza. — Hapana, siwezi kusubiri mpaka kesho. Ni mguu. Unyayo umelegea. Kiatu kinanitoka na mimi sina habari. — Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi. — Nije leo? Sasa hivi? Ndiyo. Ndiyo, nina watu wa kunileta.

Waya tayari alikuwa amekwenda ukingoni mwa barabara, mkono juu, anasimamisha gari lolote lenye magurudumu. Mama Pacha alikuwa anafunga mlango wa duka la Pindo, komeo la juu na la chini, mtoto mgongoni amelala. Yule mwanamke mgeni alikuwa anamsaidia kukunja vitambaa, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

— Unauliza nini? — Pindo alikuwa anasema kwenye simu. — Kimeanza lini kunitoka?

Akainua uso, akawatazama. Akaisogeza simu mbali na sikio.

— Anauliza tangu lini. Anasema daktari lazima ajue.

Bomba alimtazama Waya, Waya alimtazama Mama Pacha. Kila mmoja alijua siku aliyoinama yeye, na hakuna aliyejua ya mwenzake, maana hawakuwahi kuzungumza.

Gundi aliinuka, akafuta mikono kwenye aproni. Akavuka mfereji, akamnyooshea rafiki yake kiganja. Pindo alimtazama kitambo. Kisha akampa simu.

— Haloo, — akasema Gundi. — Mimi ni fundi wake wa viatu. Niulize mimi.